Mwajiri Ajue Nini, na Aishie Wapi: Faragha ya Mfanyakazi Kazini

Tangu nilipostaafu kazi ya uafisa utumishi, swali ambalo watu wa hapa Kigoma huniuliza kuliko jingine lolote ni hili: bosi ana haki ya kujua mambo yangu hadi wapi? Huuliza karani wa duka la jumla pale Mwanga, ambaye kila jioni mkoba wake hupekuliwa kabla hajatoka. Huuliza dereva wa shirika linalohudumia wakimbizi Kasulu, ambaye gari lake limefungwa kifaa kinachoonyesha lilipo usiku na mchana. Huuliza mwalimu wa shule binafsi aliyetakiwa kufungua simu yake mbele ya meneja, na binti aliyekwenda kuomba kazi ya kufungasha dagaa akaambiwa kwanza alete majibu ya kipimo cha ujauzito. Majibu wanayoyapata mitaani ni ya aina mbili, na yote mawili yanapotosha. Wapo wanaosema kwamba ukishaajiriwa huna siri, kwa kuwa anayekulipa mshahara ndiye mwenye kuamua. Wapo wanaosema kwamba mambo ya mtu ni ya mtu, na mwajiri akiyagusa tu amevunja sheria. Sheria zetu hazisemi hili wala lile, na nimeamua kuliandika jambo hili kwa kirefu kwa sababu nimeona wafanyakazi wakipoteza kazi, na waajiri wakishindwa mashauri, kwa mambo ambayo yangekwisha kwa ukurasa mmoja wa maandishi uliotolewa mapema.

Haki yenyewe chimbuko lake ni Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika sehemu ya haki na wajibu iliyoingizwa mwaka 1984. Ibara ya 16 inampa kila mtu heshima na hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake binafsi. Haisemi kwamba hifadhi hiyo inakoma mtu anapopita kwenye geti la kazini. Hata hivyo, ibara hiyohiyo, katika ibara ndogo ya pili, inatamka kwamba sheria zitaweka utaratibu kuhusu hali, namna na kiasi ambacho haki hiyo yaweza kuingiliwa. Nawaomba wasomaji wayashike maneno hayo matatu, kwa sababu katika miaka yote niliyokaa na mafaili ya watumishi sijaona mgogoro wa faragha usiopimika kwayo. Hali ni sababu iliyomfanya mwajiri atake kujua. Namna ni njia aliyotumia. Kiasi ni mahali alipoishia, na hapo ndipo waajiri wengi huharibu.

Kwa muda mrefu Katiba ilisimama bila sheria mahususi ya kuitekeleza katika eneo hili, na mfanyakazi aliyelalamika alilazimika kuokoteza vifungu huku na huko. Hali ilibadilika ilipotungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ikaundwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua rasmi mwezi Aprili 2024. Sheria hii haikuandikwa kwa ajili ya benki na kampuni za simu peke yake. Mtu au taasisi yoyote inayokusanya taarifa za watu kwa shughuli zake inaguswa, iwe ya umma au ya binafsi, na mwajiri ni mkusanyaji mkubwa kuliko wengi tunavyodhani. Fungua faili la mfanyakazi yeyote uone: nakala ya kitambulisho cha NIDA, picha za pasipoti, barua ya serikali ya mtaa, majina na simu za wadhamini wawili, vyeti vya shule, namba ya akaunti ya benki, majina ya mke au mume na watoto, karatasi za hospitali, na siku hizi alama za vidole zilizomo kwenye mashine ya mahudhurio. Ndugu wa karibu hawajui hata nusu ya hayo.

Misingi ya sheria hiyo ni myepesi kuielewa. Taarifa zikusanywe kwa sababu halali iliyo wazi, na mhusika aelezwe sababu hiyo kabla hazijachukuliwa. Zisizidi zile zinazohitajika kwa sababu hiyo, wala zisigeuziwe matumizi mengine. Ziwe sahihi, zitunzwe kwa usalama, zisikae kuliko muda unaohitajika. Mhusika ana haki ya kuziona, ya kutaka zirekebishwe zikiwa na kosa, na ya kudai fidia akipata madhara kwa sababu ya kukiukwa kwa sheria. Yapo pia makundi ya taarifa yaliyopewa uzito wa pekee na kuitwa nyeti, yakiwemo ya afya, ya imani ya dini, ya msimamo wa kisiasa, ya uanachama wa chama cha wafanyakazi na ya alama za mwili, na kwa hayo kanuni ya jumla ni ridhaa ya maandishi ya mhusika, isipokuwa pale sheria inapoelekeza vinginevyo. Mwajiri anayewapanga wafanyakazi wake kwenye foleni ya mashine ya alama za vidole siku ya Jumatatu asubuhi bila neno lolote la maelezo, basi, hajafanya jambo dogo la kiofisi. Amechukua taarifa nyeti, na anatakiwa kuonyesha alizichukua kwa utaratibu gani.

Nianze na afya, kwa kuwa ndipo penye maumivu mengi. Si muda mrefu uliopita alinijia mhudumu mmoja wa nyumba ya wageni, binti mdogo ambaye nawafahamu wazazi wake. Alikuwa ameugua, akaenda hospitali, akapewa ED, yaani karatasi ya daktari ya kupumzika kazi, ya siku tatu, na kama desturi akapeleka ile karatasi kwa msimamizi wake. Msimamizi akaipiga picha na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi wote, akaandika chini yake kwamba fulani hatakuwepo na zamu yake ishikwe na mwingine. Daktari alikuwa ameandika ugonjwa kwa kalamu ya bluu, katika mwandiko unaosomeka vizuri kabisa, na ulikuwa ugonjwa ambao mtu hapendi usomwe na wapishi, walinzi na vijana wa mapokezi.

«Shikamoo baba,» akaniambia, hata kabla hajaketi. «Karatasi nilimpa yeye. Sikuwapa wao.»

Nilimwitikia, nikamwomba anionyeshe simu, nikaitazama ile picha. Kona ya karatasi ilionekana imeshikiliwa na kidole gumba cha aliyeipiga, na juu yake kulikuwa na muhuri wa hospitali, umri wake na namba yake ya faili. Sijui kama kuna njia nyepesi zaidi ya kueleza jambo hili kuliko alivyolieleza yeye mwenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, na inamruhusu mwajiri kutolipa iwapo mfanyakazi hakuleta cheti cha daktari. Hiyo ndiyo hali: mwajiri ana sababu halali ya kuomba cheti, na mfanyakazi anayekataa kukitoa kwa jina la faragha atakosa mshahara, na atakuwa ameukosa kihalali. Lakini sababu hiyo inahitaji mambo mawili tu, kwamba mtu hawezi kufanya kazi na kwa siku ngapi. Wenzake wa zamu wanahitaji moja pekee, kwamba kesho hayupo. Kila kilichozidi hapo kilikuwa cha yule binti, na kukimwaga mbele ya kundi zima ni kugeuza matumizi ya taarifa nyeti bila ridhaa yake. Kwamba msimamizi hakuwa na nia mbaya, nami naamini hakuwa nayo, hakupunguzi kitu.

Kuhusu virusi vya UKIMWI sheria iliwahi kusema mapema zaidi, na ilisema kwa ukali unaostahili. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inataka upimaji uwe wa hiari, isipokuwa katika mazingira machache kama amri ya mahakama au uchangiaji wa viungo vya mwili, na inawafunga mdomo wanaoyajua majibu. Ajira haimo katika mazingira hayo. Mwajiri hawezi kuweka kipimo hicho kuwa sharti la kuandikishwa kazi wala la kupandishwa cheo. Uchunguzi wa afya unaotambuliwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ni jambo tofauti: huo hutazama kama mtu anaiweza kazi fulani na kama kazi hiyo inamdhuru, kwa mfano mapafu ya mtu anayeshinda kwenye vumbi au masikio ya anayeshinda karibu na jenereta, na anayepaswa kuufanya ni mganga mwenye sifa. Katika miaka yangu ya kazi, nilichodai mezani kilikuwa jibu la kufaa au kutofaa kwa kazi, na nilichokataa kukipokea kilikuwa maelezo ya vipimo vyenyewe. Bado nadhani hiyo ndiyo njia salama kwa kila ofisi. Usichokijua huwezi kukivujisha.

Ujauzito nao una mpaka wake, na mpaka huo unasogea. Wakati wa kuomba kazi, mwajiri hana anachokitafuta huko. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira kinakataza ubaguzi kwa misingi mingi, ikiwemo ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, dini, kabila au mahali mtu alikotoka, na hali ya virusi vya UKIMWI, na kinatamka kwamba mwombaji wa kazi anahesabiwa kama mfanyakazi kwa madhumuni ya kifungu hicho. Binti wa dagaa niliyemtaja alikuwa amekwisha kulindwa na sheria kabla hata ya kuvaa aproni. Lakini mwanamke aliye kazini na anayetaka likizo ya uzazi ya siku 84, au 100 kwa wanaojifungua zaidi ya mtoto mmoja, anatakiwa kumpa mwajiri taarifa walau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Jambo lililokuwa siri yake halali mwezi wa Januari linageuka kuwa taarifa anayowajibika kuitoa mwezi wa Mei, na sioni mgongano wowote hapo. Taarifa hutoka pale inapohitajika kwa manufaa yake mwenyewe, kwa mtu anayehusika, kwa kiasi kinachohusika.

Sasa upekuzi na kamera. Watu wengi hushangaa nikiwaambia kwamba sipingi mkoba kuangaliwa mlangoni. Duka la jumla linauza vitu vidogo vya bei kubwa, na mwenye duka anayepoteza katoni kila wiki ana sababu ya kutosha. Ninachokiuliza kila mara ni kama utaratibu huo ulitangazwa, kama unamhusu kila mtu pamoja na meneja mwenyewe, na kama unafanywa kwa staha. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawataka hata polisi kuhakikisha kwamba mwanamke anapekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa kuzingatia heshima yake, na sielewi mlinzi wa ghala anapata wapi ruhusa kubwa kuliko ya polisi. Mlinzi hana mamlaka ya kumvua mtu nguo wala ya kumfungia chumbani kwa saa nyingi akisubiri akiri. Akimkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake, wajibu wake ni kumkabidhi kwa polisi bila kukawia.

Kamera zimezagaa mjini kwetu kwa kasi, kuanzia Lumumba hadi Ujiji, na bei yake imeshuka kiasi kwamba hata kibanda cha wakala wa fedha kina moja inayokodoa macho juu ya kaunta. Kamera juu ya kaunta ni halali na mara nyingi humlinda mfanyakazi mwenyewe, hasa anayesingiziwa upungufu wa pesa. Kamera chooni au mahali pa kubadilishia nguo haina utetezi wowote. Kati ya hizo mbili kuna eneo gumu, na gumu kuliko yote ni kamera ya siri. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ililiamua shauri la namna hiyo mwezi Oktoba 2019, likiwahusu wafanyakazi wa duka kubwa la chakula nchini Hispania. Meneja aliona bidhaa zikipotea mwezi hadi mwezi, akafunga kamera za wazi milangoni na za kificho juu ya sehemu za kulipia, na baada ya siku 10 akawa na picha za wizi. Walioachishwa kazi walidai faragha yao imevunjwa, na walishindwa. Majaji walizingatia kwamba shaka ya wizi mkubwa ilikuwa na msingi, kwamba kamera zilielekezwa mahali ambapo kila mteja hupita, kwamba zilikaa kwa muda mfupi, na kwamba picha zilitazamwa na watu wachache kwa ajili ya wizi huo pekee. Hukumu za huko hazizifungi mahakama zetu. Hata hivyo mtu akiisoma ataona majaji wa mbali wanauliza yaleyale ambayo Ibara yetu ya 16 inayauliza, na kwamba wakati mwingine jibu huwa upande wa mwajiri. Nalisema hili bila kusita, maana haki isiyo na mpaka haiwezi kutetewa mbele ya msuluhishi.

Kwenye simu na kompyuta ndipo ninapoona ujinga mwingi wa pande zote mbili. Simu yako uliyoinunua kwa pesa yako ni mawasiliano yako binafsi, na hakuna kifungu cha sheria ya kazi kinachompa meneja uwezo wa kukwambia uifungue ili asome ulichoandika jana usiku. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuwa kosa la jinai kuingia katika mfumo wa kompyuta bila ruhusa na kunasa mawasiliano ya mtu kinyume cha sheria, na simu ya mkononi ni kompyuta kwa maana ya sheria hiyo. Akishuku uhalifu, aende polisi, nao wana utaratibu wao. Lakini jihadhari na kundi la WhatsApp. Ulichokiandika mbele ya wenzako 30 kiko mikononi mwa watu 30, na mmoja wao akikipeleka kwa bosi kwa hiari yake, hoja ya faragha inadhoofika sana. Nimewaona watu wakimtukana mkurugenzi wao kwenye kundi la kazini, kisha wakishangaa nani kafungua mlango.

Kompyuta ya ofisi na barua pepe ya ofisi ni mali ya mwajiri, na anaweza kuweka masharti ya matumizi yake na kuyafuatilia. Swali ni alikuambia nini kabla. Shauri linalofundisha vizuri zaidi hapa ni la Bogdan Bărbulescu, mhandisi wa Romania aliyekuwa akisimamia mauzo katika kampuni binafsi. Mwajiri alimtaka afungue akaunti ya Yahoo Messenger ili awajibu wateja. Mwezi Julai 2007 kampuni ilirekodi mawasiliano yake kwa siku kadhaa, kisha ikamwekea mezani nakala ya kurasa 45, ndani yake mkiwa na maneno aliyoandikiana na kaka yake na mchumba wake, mengine ya ndani kabisa. Akaachishwa kazi. Kampuni ilikuwa na kanuni ya maandishi inayokataza kutumia vifaa vya ofisi kwa mambo binafsi, na mahakama za Romania ziliona hiyo inatosha. Mwezi Januari 2016 jopo la kwanza la Mahakama ya Ulaya nalo likaona hakuna kosa. Lakini tarehe 5 Septemba 2017 jopo kubwa, kwa kura 11 dhidi ya 6, likaamua kwamba haki yake haikulindwa. Kilichompa ushindi kilikuwa chembamba lakini chenye nguvu: kukatazwa kutumia kifaa kwa mambo binafsi si sawa na kuambiwa kwamba maandishi yako yatasomwa, na hakuna aliyeonyesha kwamba aliambiwa mapema kiasi na aina ya ufuatiliaji huo, wala kwamba kampuni ilikuwa na sababu ya kusoma yaliyomo badala ya kutumia njia isiyoumiza.

Nimelisoma shauri hilo mara nyingi kwa sababu linakutana moja kwa moja na Kanuni zetu za Utendaji Bora, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007. Kanuni hizo zinapoeleza kosa la mfanyakazi linapimwaje kabla hajaachishwa, zinataka kuangaliwa kama sharti alilolivunja lilikuwa la haki na lililo wazi, kama mfanyakazi alilijua au alipaswa kulijua, na kama limetumika kwa usawa kwa watu wote. Mwajiri aliyefunga kamera kimyakimya, au aliyesoma barua pepe kwa sera iliyofungiwa kabatini, anaingia katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, akiwa amekwisha kupungukiwa. Si lazima ashindwe, hasa ikiwa wizi wenyewe ni dhahiri, lakini anaingia amepungukiwa. Ndiyo sababu nikikaa na waajiri wadogo wa hapa, wenye maduka, mashine za kukamua mawese na shule za awali, huwasihi waandike sera yao kwa Kiswahili, waibandike ukutani na wamsainishe kila mtu nakala yake.

Na hapo kwenye kusaini nina wasiwasi wangu. Mikataba mingi ninayoletewa siku hizi ina aya moja ndefu mwishoni inayosema mfanyakazi ameridhia taarifa zake zote kutumiwa na mwajiri kwa namna yoyote atakayoona inafaa. Mtu aliyekaa bila kazi mwaka mzima atasaini aya hiyo na nyingine kumi kama hiyo. Kwa maoni yangu saini ya namna hiyo ni ridhaa dhaifu, kwa sababu haisemi taarifa gani, kwa kazi gani, wala kwa muda gani, ilhali sheria imejengwa juu ya sababu mahususi. Mwajiri makini asiitegemee. Aeleze kila kusudi kwa jina lake, na pale ambapo sheria yenyewe inamruhusu au kumlazimisha, asijifanye kuomba ridhaa ambayo haihitaji.

Maana yapo mengi anayolazimishwa, na mfanyakazi hana sauti juu yake. Mshahara wako utajulikana kwa Mamlaka ya Mapato kwa ajili ya kodi, michango yako kwa mfuko wa hifadhi ya jamii, na taarifa zako kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ukiwa ulisoma kwa mkopo wa serikali, mwajiri ataitaarifu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu jina lako na kukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Maelezo ya ajira yako lazima ayatunze kwa miaka mitano baada ya wewe kuondoka. Kiongozi wa umma anatamka mali zake kwa mujibu wa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995. Polisi na mahakama wakitaka taarifa kwa utaratibu wao, zitatolewa. Malalamiko juu ya haya hayana pa kufika.

Kwa mkoa wetu liko jambo moja la ziada ambalo nadhani halizungumzwi vya kutosha. Tangu kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa mwaka 1996, maelfu ya vijana wa Kasulu, Kibondo na Kigoma Mjini wamepitia ajira za mashirika ya misaada, na mengi ya mashirika hayo hutunza taarifa za watumishi katika mifumo iliyoko nje ya nchi. Sheria ya mwaka 2022 inadhibiti usafirishaji wa taarifa binafsi kwenda nje, na inamtaka mkusanyaji asajiliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na awe na afisa wa ulinzi wa taarifa. Dereva wa shirika ana haki ya kuuliza kumbukumbu za safari zake zinakaa wapi na nani anaziona. Kuhusu kile kifaa cha ufuatiliaji, gari ni la shirika na njia ni ya kazi, hivyo ufuatiliaji wakati wa kazi una sababu, usalama wake mwenyewe ukiwa wa kwanza. Ikiwa anaruhusiwa kulala na gari nyumbani, jambo linabadilika, kwa kuwa kuanzia saa hiyo kinachofuatiliwa ni maisha yake. Alipoandika barua ya kistaarabu kuuliza, alijibiwa kwamba hilo halikuwahi kufikiriwa. Namwamini aliyejibu. Ufuatiliaji mwingi hufanywa hivyo, na watu ambao hawakuwahi kufikiri, kwa sababu kifaa kiliuzwa kikiwa na uwezo huo.

Anayeona haki yake imevunjwa aanze kwa maandishi kwa mwajiri, akitaja taarifa ipi, ilitumiwaje na anataka nini kifanyike, na abaki na nakala. Akiitwa kwenye kikao cha nidhamu, anastahili kupewa muda usiopungua saa 48 wa kujiandaa na anaweza kufuatana na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake, na hapo ndipo mahali pa kuuliza ushahidi ulipatikanaje. Lalamiko linalohusu taarifa zenyewe linapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Yule mhudumu wa nyumba ya wageni hakutaka kufika huko. Tuliandika barua moja, picha ikafutwa, na mwenye nyumba akaelekeza kwamba karatasi za hospitali zipokewe na mtu mmoja na kufungiwa kabatini. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na migogoro mingine, ukiwemo wa ubaguzi, ndani ya siku 60, na aliyechelewa ataanza kwa kuomba kuongezewa muda kabla hata hajasikilizwa. Mwenye chini ya miezi sita kazini hawezi kudai kwamba aliachishwa isivyo halali chini ya sehemu ya sheria inayohusu jambo hilo, na vibarua wengi wa msimu hapa ziwani wako katika kundi hili. Lakini dai la ubaguzi halina sharti hilo la miezi sita, wala sheria ya taarifa binafsi haiulizi mtu ameajiriwa tangu lini.